Video Iwe Mlango wa Kitabu, Isiwe Badala ya Kitabu



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu wazazi, vijana na wanafunzi, safari hii tunapenda tuzungumzie jambo linalobishaniwa katika nyumba nyingi hapa Ruziba, na tunaamini hata kwa ndugu zetu wa Buyenzi, Kinama na kule Rumonge. Je, video za mafunzo zinaweza kuwavuta watoto wetu wasome vitabu vya wazee, au ndizo zinazowamalizia hamu ya kusoma?

Wako wazazi wanaosema simu ni fitna tupu, na kwamba mtoto akishaonja video hatarudi tena kwenye karatasi. Wako wengine wanaosema zama zimebadilika, kusoma kumepitwa na wakati, mwache mtoto aangalie, muhimu ajue. Sisi tunaowasomesha watoto tunaona kila upande umeshika kipande cha ukweli. Wa kwanza wanaijua hatari ya simu, ila wanaufunga mlango ambao watoto wameshaupita. Wa pili wanaijua nguvu ya picha, ila wanadhani kujua habari za kitabu ni sawa na kukisoma. Si sawa hata kidogo, na hapa chini tutaeleza kwa nini.

VITABU GANI TUNAVYOSEMA?

Tukisema vitabu vya wazee hatukusudii vitabu vya fiqhi na tauhidi peke yake. Tunakusudia pia hazina ya Kiswahili walioiacha Waislamu wenzetu wa pwani. Kuna Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728 na Mwengo bin Athumani, wenye beti zaidi ya elfu moja juu ya vita vya Tabuk. Kuna Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, anayeizungumzia nafsi na kuikumbusha mauti. Kuna utenzi wa Mwana Kupona binti Msham wa mwaka 1858. Kuna mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, na karibu na zama zetu kuna Shaaban Robert wa Tanga, aliyezaliwa 1909 na kufariki 1962, aliyemuusia binti yake kwa utenzi mmoja na mwanawe wa kiume kwa utenzi mwingine.

Huenda mtu akauliza: sisi wa Burundi tunahusika nini na Pate na Lamu? Tunahusika sana. Kiswahili chetu kilitufikia kutoka huko huko, kikapita Tabora na Ujiji pamoja na wafanyabiashara na walimu wa dini, kikavuka ziwa, kikakaa hapa. Wazee wetu walijifunza sala na adabu kwa lugha hiyo. Leo watoto wetu wengi wana Kirundi nyumbani, Kifaransa shuleni, na Kiswahili wanakiona ni lugha ya sokoni na ya mpira. Tangu nchi yetu iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, tunasikia kila siku kwamba Kiswahili ni lugha ya kutafutia kazi. Ni kweli, wala si vibaya. Lakini lugha ambayo mtoto anaijua kwa kununulia mukeke na kupandia basi tu haiwezi kumuusia, haiwezi kumliza, haiwezi kumkumbusha akhera. Lugha inayofanya hayo imo ndani ya vitabu hivi. Wazee waliokuwa wakizijua tenzi kwa moyo wanaondoka mmoja mmoja, Allah awarehemu. Hilo ndilo linalotufanya tuandike.

MADRASA IMEKWISHA KUTUONESHA NJIA

Tuanze na jambo ambalo kila mzazi analijua. Mtoto anayehifadhi Qur'ani leo hamsikilizi mwalimu wake peke yake. Anasikiliza pia sauti zilizorekodiwa. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri ndiye wa kwanza kurekodi Qur'ani nzima kwa usomaji wa tartili, na kisomo chake kilianza kusikika redioni mwaka 1961. Tangu hapo ni watoto wangapi wa Kiislamu duniani walionyoosha ulimi kwa kumfuata? Allah ndiye ajuaye.

Sasa tazama. Yuko mtoto wa madrasa aliyewahi kusema, "Nimemsikiliza Sheikh al-Husary, basi sina haja ya kufungua msahafu"? Hayuko. Anajua kwamba sauti inamfungua ulimi, na msahafu uko wazi mbele yake, kidole kinafuata mstari. Akikosea anarudia. Sauti na maandishi vinatembea pamoja kama miguu miwili.

Tena tukumbuke historia yetu wenyewe. Qur'ani ilipokelewa kwa kusikia, na maswahaba waliihifadhi vifuani. Lakini walipouawa wengi katika wahifadhi kwenye vita vya Yamama, zama za Abubakar (r.a.), ni Umar (r.a.) aliyeshauri ikusanywe kwa maandishi, na Zayd bin Thabit (r.a.) akapewa kazi hiyo. Hatufananishi maneno ya Allah na maneno ya mshairi, hasha. Tunachukua fundisho la utaratibu: umma uliokuwa na vifua vilivyohifadhi vizuri kuliko vyetu haukutosheka na sauti. Ukaona lazima kuwe na maandishi.

Basi huo ndio mzani tunaoupendekeza kwa video. Video ya mafunzo tuitumie kama tunavyotumia sauti ya msomaji wa Qur'ani: imfungue mtoto sikio na jicho, huku kitabu kiko wazi mbele yake. Video inayomwambia mtoto "usisumbuke kusoma, nitakusimulia yote kwa dakika tano", hiyo tuikatae.

PALE VIDEO INAPOSAIDIA KWELI

Wazee wa pwani hawakuzitunga tenzi zisomwe kimya kimya. Zilighaniwa kwa sauti na mahadhi, watu wakakusanyika, wasiojua herufi wakasikia pamoja na wanaojua. Kwa hiyo mtoto anayemsikia mghani mzuri kwenye video anaupata utenzi kwa njia iliyo karibu na asili yake kuliko yule anayekabidhiwa karatasi kavu na kuambiwa "soma". Watoto wetu wanapenda qaswida, wanajua mahadhi. Wakisikia utenzi unavyoghaniwa, ulimi unashika mizani kabla akili haijashika maana, na maneno magumu yanaacha kuwatisha.

Huko Lamu jambo hili si geni. Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, anayejulikana kama Ustadh Mau, imamu na mshairi, alitunga Wasiya wa Mabanati mwaka 1974 kuwausia mabinti wa mji wake. Utenzi huo ulienea kwa kanda za kaseti, watu wakausikiliza majumbani. Kwa hiyo imamu na chombo cha kurekodi walikwisha kufanya kazi pamoja kabla sisi hatujaijua intaneti.

Faida ya pili ni picha ya vitu. Chukua Al-Inkishafi. Mshairi anawataja matajiri wa Pate na majumba yao, kisha anatuonesha majumba hayo yamebaki magofu. Anataja vile vidaka vya ukutani vilivyokuwa vikipangwa sahani, na jinsi makinda ya ndege yanavyolala humo sasa. Mtoto wa Ruziba hajapata kuona kidaka. Mwalimu anaweza kueleza kwa nusu saa, mtoto akabaki anawaza kabati la mama yake. Lakini picha ya sekunde chache ya ukuta wa zamani wa Pate au Lamu, wenye safu za vishimo vilivyochongwa vizuri kwenye chokaa, inamaliza kazi. Akirudi kwenye ubeti anaona kwa macho yake: hapa palikuwa na sahani za thamani, leo pana ndege. Ndipo ubeti unapomchoma.

Vivyo hivyo mshairi huyo anapoufananisha ulimwengu na bahari iliyochafuka, yenye matumbawe. Watoto wetu wanalijua Ziwa Tanganyika, wanaijua mitumbwi ya wavuvi na taa zake usiku, wanajua hata mawimbi ya ziwa upepo ukivuma. Lakini tumbawe hawalijui, kwa sababu ziwa letu halina. Mwoneshe jahazi likipita karibu na mwamba uliojificha chini ya maji. Utaona anavyoelewa kwa nini mzee yule aliiogopa dunia.

Faida ya tatu ni ya watoto wa madrasa hasa. Tenzi hizi za zamani ziliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Nyingi katika hati hizo zimehifadhiwa London, katika chuo cha SOAS, na baadhi zimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Mwoneshe hati hizo mtoto aliyezoea juzuu. Kwanza atadhani ni Kiarabu. Akianza kuunganisha herufi atashtuka kusikia maneno ya Kiswahili yanatoka. Hapo hapo anafahamu kwamba elimu ya herufi anayoipata juu ya mkeka wa madrasa ni ufunguo wa hazina ambayo hata wenye shahada kubwa wengi hawawezi kuifungua. Hamu ya kusoma ikizaliwa namna hiyo haizimiki upesi.

PALE VIDEO INAPOHARIBU

Sasa tuje kwenye hatari, na tutoe mfano mmoja tu, utenzi wa Mwana Kupona.

Ukimuuliza kijana aliyeusikia utenzi huu kwa muhtasari, atakwambia: "Ni utenzi wa kumfundisha mke amtii mumewe." Basi. Baadhi ya wavulana wanaupenda kwa sababu hiyo, na baadhi ya wasichana wanauchukia kwa sababu hiyo hiyo, na wote wawili hawajausoma.

Aliyeusoma anakutana na kitu kingine. Anamkuta mama mjane, mumewe Bwana Mataka wa Siyu amekwisha kufariki. Mama huyo ni mgonjwa, maradhi yamemkalia kwa muda mrefu, na hajui kama ataishi kumlea binti yake. Anamwita binti akae karibu, na wino na karatasi, asikie wasia. Jambo la kwanza analomuusia ni dini: ashike faradhi wala asiache sunna. Kisha adabu, ulimi mzuri na ukweli. Anamhesabia radhi anazopaswa kuzitafuta: ya Allah, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ni ya mume. Ni kweli habari za mume zina sehemu kubwa. Lakini mwisho wake ni dua ndefu, mama anamlilia Mola wake kwa ajili yake, watoto wake, jamaa zake na Waislamu. Yako pia mambo ya zama zake, kama habari za watumwa, ambayo mwalimu hana budi kukaa na vijana ayaeleze bila kuyaficha.

Na tusidhani ufupisho huu ulianza na simu. Utenzi huo ulipochapishwa mwaka 1934 na Alice Werner na William Hichens, ulipewa jina la Kiingereza lenye maana ya nasaha za Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke. Kitabu kilikuwa na utenzi wote ndani, lakini jina la juu lilikwisha kumwambia msomaji ausomeje. Ikiwa jina la kitabu linaweza kufanya hivyo, video ya dakika tatu iliyokatwa na mtu asiyejulikana itafanya nini? Tena kitabu ukikifungua unaweza kuligundua kosa la jalada. Video inayokatisha maneno haina ndani pa kufungua.

Jambo jingine: Mwana Kupona mwenyewe, karibu na mwisho, anawataka wanawake wausome utenzi wake na waifahamu maana yake. Anayeuangalia muhtasari akaondoka hajatekeleza ombi la mama huyo.

Hatari ya pili iko kwenye simu yenyewe. Video ya utenzi ikimalizika, simu haikwambii "fungua kitabu". Inakuletea video nyingine, na nyingine, mpaka adhana ya Ishaa inakukuta unaangalia mambo ambayo hukuyakusudia. Mlango ukiwa na milango mingine kumi nyuma yake, mtoto hatakifikia chumba alichotumwa.

TUFANYE NINI?

Tunapendekeza mambo haya kwa walimu na wazazi. Hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, video ishushwe mapema na ionyeshwe bila intaneti. Simu moja inatosha darasa zima. Mwenye bando aishushe, awapitishie wengine kwa kadi ya memori. Hivyo tunaokoa gharama, na tunaufunga ule mlango wa video za kufuatana.

Pili, maandishi yatangulie mikononi. Asianze mtu kuangalia kabla hajawa na beti mbele yake. Pasipo kitabu, mwalimu aandike beti tano ubaoni na watoto wazinakili daftarini kwa mikono yao. Kunakili ni kusoma mara mbili. Muhamadi Kijuma wa Lamu alijulikana kwa hati yake nzuri, na nakala zake ni miongoni mwa zilizotufikishia tenzi hizi. Na mashairi ya Muyaka yangepotea mengi kama Mwalimu Sikujua wa Mombasa asingeyakusanya kutoka vinywani mwa watu yakaandikwa.

Tatu, video iwe fupi na kisomo kiwe kirefu. Dakika tano za kuangalia, nusu saa ya kusoma. Na mwalimu aisimamishe pale inapoanza kusimulia mwisho. Mwisho wautafute wenyewe kwenye karatasi.

Nne, tuchunge mipaka ya dini. Utendi wa Tambuka unamhusu Mtume (s.a.w.) na maswahaba wake, basi video yoyote inayochora sura ya Mtume tusiiingize madrasa. Filamu ya Ar-Risala ya mwaka 1976 ilisimulia habari za Uislamu wa mwanzo bila kumuonesha Mtume wala kusikilizisha sauti yake, kwa hiyo asitokee mtu akasema haiwezekani.

Tano, vijana wenyewe watengeneze video zao. Kijana aghani ubeti mmoja na aeleze neno moja gumu aliloliuliza kwa bibi au babu yake. Ionekane mikono na karatasi tu, tusianike nyuso za watoto wetu, hasa mabinti, na kila kitu kiwe kwa idhini ya wazazi. Sharti ni moja: asirekodi mpaka awe ameusoma utenzi wote na kusailiwa na mwalimu. Hapo simu itakuwa imegeuzwa kazi. Badala ya kumwondoa kijana kitabuni itakuwa inamlazimisha akifungue, na zaidi ya hapo itampeleka kwa bibi yake kumuuliza maana ya maneno, jambo ambalo wengi wameliacha.

NENO KWA WAZAZI NA VIJANA

Ndugu mzazi, mtoto hasomi kwa kuambiwa asome. Anasoma kwa kuona panasomwa. Nyumba ambayo baba ana simu mkononi tangu Maghrib mpaka usiku haiwezi kumdai mtoto kitabu. Tengeni usiku mmoja katika wiki, baada ya Ishaa. Sikilizeni kipande kimoja cha utenzi, kisha simu iwekwe juu ya kabati, na karatasi izunguke, kila mmoja asome ubeti wake, mkubwa na mdogo. Mama asiyejua kusoma asikilize na asahihishe matamshi. Umeme ukikatika, alhamdulillahi, taa ya mafuta inatosha. Wazee wetu walisomea hiyo.

Nanyi vijana wetu, hatuwaambii mtupe simu. Tunawaomba msiwe watu wa kusimuliwa. Mtu anayesimuliwa kila kitu hana hoja yake mwenyewe, kila anayekuja na video mpya anampeleka anakotaka. Leo ni utenzi, kesho ni hadithi ya Mtume iliyokatwa katikati, keshokutwa ni aya iliyonyofolewa mahali pake. Aliyezoea kusema "ngoja kwanza nikasome mwenyewe" ana kinga. Na tusisahau kwamba amri ya kwanza iliyomshukia Mtume wetu (s.a.w.) katika pango la Hira ni amri ya kusoma.

Basi tuanze na kidogo. Beti tano wiki hii, tano wiki ijayo. Mwenye nakala nzuri ya Al-Inkishafi au ya Mwana Kupona aipige fotokopi na ampe jirani, atapata thawabu inshaallah. Mwenye bibi au babu anayekumbuka utenzi aende akamrekodi, kisha ayaandike maneno yake yote karatasini, kabla hatujachelewa.

Tunamuomba Allah (s.w.) awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, awarehemu wazee walioiandika, na atujaalie sisi tuwe wenye kuifikisha. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.